Utafiti wa vinasaba na wanafunzi wa sekondari: mwongozo kwa walimu wa Mwanza na kando ya ziwa

Mwaka 2008 wasichana wawili waliokuwa wanamaliza sekondari jijini New York walizunguka maduka na migahawa ya Manhattan wakinunua vipande vya samaki. Walivihifadhi kwenye spiriti, wakavituma Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, visomwe vinasaba. Sampuli zilikuwa 60 hivi. Kati ya zile zilizotambulika, karibu robo zilikuwa zimeuzwa kwa jina la samaki mwingine, mara nyingi samaki wa bei ya juu zaidi. Wanasayansi wa Guelph walikuwa na mashine na ujuzi. Walichokosa ni mtu wa kupita duka kwa duka akiuliza, "Huyu ni samaki gani?"

Nauanza mwongozo huu na habari hiyo kwa sababu inaonyesha mahali ambapo mwanafunzi anafaa. Kutembelea maabara, kuvaa koti jeupe na kupiga picha ni ziara, na ziara ni jambo jema, ila isiitwe utafiti. Kwangu utafiti una vipimo viwili. Kwanza, jibu la swali mwanasayansi mwenyewe hana. Pili, kazi ya mwanafunzi iwe nzito kiasi kwamba akiifanya ovyo, matokeo yanaharibika. Hatua zote zinazofuata nimezipanga kwa vipimo hivyo, na nimezilenga kwa mwalimu wa baiolojia mwenye klabu ya sayansi, darasa kubwa na bajeti ndogo.

Kuhusu nani ashiriki: chukua Kidato cha Tatu na cha Tano. Cha Nne wana mtihani wa Taifa Novemba, cha Sita wanafanya wao Mei, na mzazi atakayesikia mtoto wake yuko mwaloni (ufukweni panaposhushwa na kuuzwa samaki) wiki mbili kabla ya NECTA atakuja ofisini kwako kabla ya kengele ya asubuhi. Kikundi cha wanafunzi sita hadi wanane kinatosha. Wakizidi hapo, wawili wanafanya kazi na waliobaki wanashika kalamu.

Hatua ya kwanza: pateni swali linalojibika

Hapa ndipo miradi mingi inapofia, kwa hiyo usiwe na haraka.

Waambie wanafunzi wa kando ya ziwa wachague kiumbe cha kuchunguza, wengi watakutajia furu. Wana haki. Ziwa Victoria lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita, na baada ya maji kurudi zilichipuka mamia ya spishi za furu kwa kasi inayowashangaza wanabaiolojia hadi leo. Mmoja wao, Pundamilia nyererei, amepewa jina la Mwalimu Nyerere, na mwaka 2014 mfuatano wa vinasaba vyake vyote ulichapishwa katika jarida la Nature pamoja na wa samaki wengine wanne wa jamii yake. Dume lake lina wekundu mgongoni. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu na hukaa maji ya juu zaidi. Watafiti waliofanya kazi kwenye visiwa kama Python, ndani ya Ghuba ya Mwanza, na Makobe, upande wa Ghuba ya Speke, walionyesha mwaka 2008 kwamba jeni la kuona rangi katika jicho limetofautiana kati ya hao wawili kulingana na mwanga wa kina wanachoishi. Maji yakiwa machafu, jike hatofautishi tena wekundu na ubuluu, na spishi zinachanganyika. Yote hayo yamegunduliwa umbali wa mtumbwi kutoka hapa tulipo. Wasimulie, kwa sababu somo la jenetiki linabadilika mwanafunzi akijua kwamba mifano ya dunia nzima imetoka kwenye ghuba anayoiona dirishani.

Halafu waambie kwamba mradi wao wa kwanza hautakuwa wa furu.

Njia nafuu ya kumtambua kiumbe kwa vinasaba ni kusoma kipande kimoja cha jeni liitwalo COI, lililo kwenye mitokondria, urefu wa herufi 650 hivi za DNA. Paul Hebert na wenzake wa Guelph ndio waliopendekeza njia hiyo mwaka 2003, na inajulikana kama msimbopau wa DNA. Kwa kipande hicho sangara na sato wanatengana bila ubishi. Dagaa, kamongo, kambare, gogogo na ningu vilevile. Furu hawatengani. Spishi zao ni changa mno, herufi hizo hazijapata muda wa kutofautiana. Mtatumia fedha zote za mradi, mtasoma sampuli zote, na kila moja itarudi na jibu kwamba ni furu, jambo ambalo mama yeyote muuza samaki wa Kirumba angewaambia bure.

Mtego wa pili ni sato na ngege. Ngege ndiye sato wa asili wa ziwa hili. Sato tunayemla leo alipandikizwa katikati ya karne iliyopita, na wawili hao huzaliana. Swali la machotara linavutia sana, na lina maana kubwa kwa uhifadhi wa ngege waliobaki kwenye maziwa madogo ya pembeni. Ila mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Chotara wa mama sato na baba ngege atasomeka "sato" tupu, na hamtajua lolote kuhusu baba. Swali hilo linahitaji jeni za kwenye kiini cha seli na mwanasayansi mwenye mradi unaoendelea. Kama yupo, mbebeeni sampuli. Kama hayupo, liacheni.

Maswali yafuatayo yanajibika, na yanafaa shule ya hapa:

Kayabo na minofu. Sangara akishakatwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, jicho haliwezi kuapa kwamba ni sangara. Je, jina la sokoni linalingana na vinasaba?

Watoto wa samaki ndani ya fungu la dagaa. Hili ndilo ninalolipenda zaidi. Kwenye dagaa waliokaushwa utaona visamaki vyenye umbo tofauti, vilivyonyauka kiasi cha kutotambulika. Wangapi ni watoto wa sangara, wangapi ni furu, wangapi ni kitu kingine? Hapa hata jibu la jumla "furu" linatosha, maana swali ni nani asiye dagaa. Mtu wa uvuvi atalitaka jibu hilo.

Magonjwa ya muhogo, kwa shule zilizo karibu na TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Ukiriguru, Misungwi. Batobato na michirizi ya kahawia husababishwa na virusi, na mwanafunzi anaweza kukusanya majani kutoka mashamba ya vijijini kwao ambako mtafiti hafiki kila wiki.

Konokono wa kichocho ni swali zuri, ila sishauri shule ilianzishe. Konokono aliyeambukizwa humwaga majini lava wa minyoo wanaopenya ngozi. Kama watafiti wa kichocho wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) Mwanza wana mradi, wanafunzi wafanye kazi ya mezani na konokono walioshughulikiwa na wataalamu.

Na jambo moja silijadili: msitumie vinasaba vya wanafunzi wenyewe. Najua kuna mwenye hamu ya kupima mate ya darasa zima. Kanda ya Ziwa ina mzigo mkubwa wa selimundu, na kipimo cha jeni kinaweza kumwambia mtoto kwamba amebeba chembe hiyo, au kwamba baba anayemjua si baba yake mzazi, mbele ya wenzake, bila mshauri, bila idhini ya yeyote. Utafiti wa vinasaba vya binadamu una kamati zake za maadili. Samaki hawana siri za nyumbani.

Hatua ya pili: mtafute mwanasayansi, ukiwa na swali mkononi

Mwanza haina upungufu wa taasisi. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo chao hapa na wanalijua ziwa. NIMR wapo Isamilo. Bugando kuna chuo kikuu cha afya na sayansi shirikishi, CUHAS, na hospitali ambayo imekuwa ikipima VVU kwa watoto wachanga kwa PCR (njia ya kuzidisha DNA kwa mashine), maana yake ujuzi wa mashine upo mjini. Maabara ya hospitali haiwezi kuingiza samaki, na hapaswi mtu kuiomba. Lengeni maabara za utafiti na za kufundishia.

Kosa la kawaida ni barua inayosema "tunaomba mtusaidie vifaa na utaalamu". Mwanasayansi akiisoma anaona gharama. Andika inayoonyesha mtakachombebea. Mfano:

"Ndugu Mtafiti. Klabu yetu ya sayansi ina wanafunzi wanane wa Kidato cha Tatu. Tunataka kujua ni samaki gani wasio dagaa wanaopatikana katika mafungu ya dagaa wakavu katika mialo mitatu ya Ilemela. Tuko tayari kukusanya sampuli kila mwezi kwa miezi mitatu, kuzipiga picha, kuzihifadhi na kuweka kumbukumbu kwa utaratibu utakaotuelekeza. Tunaomba dakika thelathini za kusikiliza kama swali hili lina faida kwako na likae vipi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mpe nafasi ya kulirekebisha swali. Karibu kila mara atalipunguza, na atakuwa sahihi. Mwanafunzi aandike rasimu, wewe uisahihishe. Mtafiti anatambua barua iliyoandikwa na mwalimu. Simu za kukumbusha zipigwe na mwanafunzi pia, kwa adabu: "Shikamoo Daktari, naitwa fulani wa shule fulani, nilikuwa nakumbushia barua yetu." Watu wazima huona aibu kumpiga chenga mtoto kuliko kumpiga chenga mwalimu.

Mkikubaliana, andikeni ukurasa mmoja: nani anatunza sampuli, data ni za nani, majina ya wanafunzi yatatokea wapi iwapo kitu kitachapishwa. Maneno ya mdomo yanasahaulika mtafiti akihamishwa.

Hatua ya tatu: vibali

Mkuu wa shule kwanza. Halafu afisa elimu sekondari wa halmashauri, kwa maandishi. Wazazi wasaini, na fomu itaje wazi kwamba mtoto atakwenda mwaloni na atatumia spiriti na wembe. Mwaloni muone mwenyekiti wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) kabla ya siku ya kazi. Vibali vya utafiti vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na vya kusafirisha sampuli nje ya nchi ni jukumu la mwanasayansi. Kazi yako ni kuuliza kama vilivyopo vinagusa kazi ya wanafunzi, na kupata nakala.

Hatua ya nne: mazoezi shuleni

Usimpeleke mtoto maabara ya watu akajifunzie pipeti huko. Kama mtafiti anaweza kukuazima pipeti moja ya zamani, unafanya hivi: maji ya rangi, mzani wa kidijitali na karatasi. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja, kwa hiyo mikrolita 100 zinapaswa kusoma gramu 0.1. Kila mwanafunzi apime mara kumi mfululizo na aandike. Namba zikirukaruka, tatizo ni kidole gumba chake, anaachia kwa pupa. Arudie hadi zitulie.

Watoe pia DNA kwa vifaa vya jikoni. Maini ya kuku yanafaa kuliko matunda. Ponda kipande, changanya na maji, chumvi na sabuni ya maji ya vyombo, chuja kwa kitambaa, ongeza maji kidogo ya nanasi bichi ambayo yana kimeng'enya cha kuvunja protini, kisha mimina polepole spiriti iliyokaa kwenye friza ielee juu. Nyuzi nyeupe zinazojikusanya katikati zina DNA. Sabuni imepasua utando wa seli, chumvi na spiriti vimeifanya DNA isiyeyuke tena. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyo ndani ya vifaa vya bei mbaya vya maabara, na mwanafunzi aliyeiona kwa macho hatafuata maelekezo kama kasuku.

Zoezi la tatu ni daftari. Tarehe, saa, mahali, nani alifanya nini, kalamu isiyofutika, kosa likatwe kwa mstari mmoja lisomeke. Wanafunzi wetu wamefundishwa kuandika matokeo yanayolingana na kitabu. Itakuchukua muda kuwashawishi kwamba daftari chafu lenye ukweli lina thamani kuliko safi lililonakiliwa usiku.

Hatua ya tano: mwaloni

Angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya shule. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika na fungu jipya hamlipati. Pangeni wiki ya giza.

Vifaa ni vichache: vichupa vidogo vyenye kifuniko cha kuzungusha, ethanoli ya asilimia 95 au 96, wembe, koleo ndogo, glavu, rula, penseli, karatasi ngumu, kamera ya simu. Ethanoli ipatikane kupitia mwanasayansi au duka la kemikali za maabara. Spiriti ya rangi ya kuwashia ina vitu vilivyoongezwa vinavyoweza kuharibu DNA, fomalini ndiyo mbaya kabisa, na konyagi, kwa wale watakaouliza kwa utani, ni maji mno.

Sasa kaa karibu na mwanafunzi mmoja uone sampuli moja inavyochukuliwa. Amefika kwa muuzaji pale Mwaloni Kirumba. "Mwangaluka mayu," anamwamkia kwa Kisukuma. Mama anacheka, anaitikia, anamuuliza Kiswahili anakuja kununua au kupiga picha. Mwanafunzi anajieleza: wanatoka shule, wanajifunza samaki waliomo kwenye dagaa, hawaandiki jina lake wala la meza yake. Ananunua kisado kidogo. Ananunua, haombi, bei inalipwa kama mteja mwingine, na fedha hiyo iwe kwenye bajeti. Kando, juu ya karatasi safi, anachambua fungu, anamtenga mmoja asiye dagaa, anamlaza ubavuni pembeni ya rula na kipande cha karatasi chenye namba KRB-014, anapiga picha. Kwa wembe anakata mnofu wa mgongoni ukubwa wa punje ya mchele. Usizidi hapo: nyama nyingi ina maji mengi, ethanoli inapungua nguvu, sampuli inaoza ikiwa ndani ya dawa. Kipande kinaingia kwenye kichupa, na karatasi ndogo yenye namba ileile iliyoandikwa kwa penseli inaingia humohumo. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli. Maandishi ya juu ya kichupa yakifutika mkiwa kwenye daladala, penseli ya ndani itabaki.

Kabla ya samaki anayefuata, wembe mpya au ule uliofutwa kwa Jik, ukasuuzwa kwa maji safi ya chupa. Usiwaache wakauosha ziwani. Sababu ya kwanza ni kichocho. Ya pili ni kwamba maji ya ziwa yenyewe yana DNA ya samaki, utakuwa unaupaka wembe vinasaba vya ziwa zima. Ethanoli nayo ikae mbali na majiko. Mwaloni kila hatua tatu kuna mtu anakaanga.

Kayabo ilowekwe na kusuuzwa chumvi kabla ya kuhifadhiwa, chumvi huzuia PCR. Samaki wa moshi DNA yake imekatikakatika, na kipande kirefu cha COI kinaweza kugoma kabisa. Mwambieni mtafiti mapema ili atumie kipande kifupi.

Sampuli ngapi? Hapa wafundishe hesabu ndogo. Mkipima vipande 30 vya kayabo na vyote vikawa sangara kweli, hamruhusiwi kuandika "hakuna udanganyifu Mwanza". Kwa kanuni ya kukadiria, gawanya 3 kwa 30: mnaweza kusema udanganyifu, kama upo, huenda ni chini ya asilimia 10 kwa vipande vya aina mliyopima, kwa mialo mliyokwenda. Mkitaka kusema chini ya asilimia 5, mnahitaji 60. Mwanafunzi akishalielewa hilo anaanza kusoma habari za utafiti magazetini kwa jicho jingine.

Hatua ya sita: maabara

Wapelekeni wawiliwawili, na kila jozi iwe na sampuli zake hadi mwisho. Mtafiti ndiye bwana wa mashine na kemikali. Rangi ya kuonyeshea DNA kwenye jeli (ambamo vipande vya DNA hutenganishwa kwa urefu) na mwanga wa urujuanimno si vya kuchezea.

Wanafunzi watoe DNA, waandae mchanganyiko wa PCR na kuupakia. Mashine inapasha mchanganyiko hadi nyuzi joto 95 hivi ili nyuzi mbili za DNA ziachane, inashuka hadi nyuzi 50 na ushee ili praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) zishike mahali pake, inapanda hadi 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Mizunguko 35, saa mbili au zaidi. Kila mzunguko unaongeza maradufu. Mizunguko 30 tu ikienda kikamilifu, kipande kimoja kinapita bilioni moja. Muda huo wa kusubiri usipotee kwenye simu. Ndio muda wa mtafiti kuwaeleza amesomea nini, na mara nyingi ndio mazungumzo wanayoyakumbuka.

Kichupa muhimu kuliko vyote ni kile kisicho na sampuli. Kinawekwa kila kitu isipokuwa DNA. Kwenye jeli kinapaswa kubaki kitupu. Kikionyesha mstari, kuna uchafu, na kundi zima la siku hiyo linatupwa, hata kama sampuli nyingine zimetoka maridadi. Mwanafunzi akikuuliza, "Mwalimu, si tuondoe tu hiyo safu kwenye picha?" umefika kwenye somo la maadili ya sayansi ambalo hakuna mtaala unaolifundisha vizuri hivyo.

Mstari ukionekana usawa wa herufi 650 hadi 700, sampuli iko tayari kusomwa. Usomaji wenyewe aghalabu hufanyika kwenye maabara kubwa, mara nyingi nje ya nchi, na ndiyo gharama kubwa ya mradi pamoja na kemikali. Chagueni sampuli zilizotoka vizuri, msitume zote kwa matumaini. Majibu huchukua wiki kadhaa.

Hatua ya saba: kusoma herufi

Sehemu hii inafanyika shuleni, kwa kompyuta moja yenye intaneti, au hata kwa simu. Kwa shule isiyo na fedha za hatua zilizopita, anzeni hapa: hifadhi za vinasaba za mtandaoni, GenBank na BOLD, ziko wazi kwa kila mtu, na zina mifuatano ya samaki wa Ziwa Victoria. Mnaweza kulinganisha jamii za samaki, kuchora mti wa ukoo, na kujionea wenyewe kwa nini furu hawatengani, bila kukata mnofu wa samaki hata mmoja.

Kila sampuli inarudi na mchoro wa vilele vya rangi nne, kilele kimoja kwa kila herufi: A, T, G, C. Mwanzo na mwisho wa mchoro vilele hupandiana, wakate hapo. Katikati, kila herufi ina alama ya uhakika. Alama 20 ni uwezekano wa kosa moja katika mia, 30 ni moja katika elfu. Vilele viwili mahali pamoja kwa urefu wote wa mchoro vina maana moja ya karibu: samaki wawili kichupani.

Anayesoma asijue sampuli iliuzwa kwa jina gani. Wape namba tu, orodha ya majina ikae kwako. Wabandike mfuatano kwenye BLAST (zana ya kulinganisha na GenBank) au BOLD na waangalie asilimia ya kulingana. Asilimia 99 na zaidi kwa urefu wote ni jibu zuri kwa samaki wanaotengana. Asilimia 93 inasema spishi hiyo labda haimo kwenye hifadhi. Na wasiamini jina la juu kabisa kwa kuwa liko juu. Hifadhi zina makosa ya watu waliomtambua samaki vibaya tangu mwanzo. Waangalie matokeo kumi ya kwanza kama yanakubaliana, na wapendelee rekodi zenye picha au kielelezo kilichotunzwa makumbusho.

Ikitokea kayabo moja si sangara, nendeni taratibu. Samaki mkavu amepita mikono mingi kabla ya kufika mezani kwa yule mama, na kosa linaweza kuwa lenu pia. Rudieni sampuli hiyo kuanzia kwenye mnofu uliobaki. Ndiyo maana mnofu hubaki.

Hatua ya nane: kupeleka majibu

Rudini kwa BMU na wauzaji, kwa Kiswahili, kwa dakika kumi, na karatasi moja yenye picha. Msitaje meza ya mtu. Swali la kwanza mtakaloulizwa litakuwa, "Sasa hii inatusaidia nini sisi?" na wanafunzi wawe wamelifanyia mazoezi. Mifuatano yenyewe iingizwe BOLD au GenBank kupitia mtafiti, pamoja na picha na mahali. Kwa wenye hamu ya mashindano, Young Scientists Tanzania, waliopo tangu 2011, wanapokea miradi ya wanafunzi wa sekondari. Majaji wao huuliza daftari, kwa hiyo lile chafu liende nalo.

Mwezi Oktoba, kabla Kidato cha Tatu hawajazama kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka, wakabidhi kazi kwa wanafunzi wawili wa Kidato cha Pili waliokuwa wakiwafuata nyuma mwaka mzima: daftari, orodha ya namba, ufunguo wa kabati, namba ya simu ya mtafiti. Vichupa vikae gizani, vifuniko vimekazwa, na mtu avikague kila mwezi, maana ethanoli hugeuka mvuke na kupungua hata kwenye kichupa kilichofungwa. Ikishuka chini ya nusu, jazeni.